Kuku Aliyekonda na Anayeonewa na Wenzake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanamhusu tetea mmoja katika kundi dogo la nyumbani: yule anayefukuzwa kwenye chakula, anayelala pembeni, na ambaye mwili wake unaisha huku wenzake wananawiri. Kuku wa aina hii anasaidika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila ni lazima kwanza ujue kinachomkondesha.

## Kumtambua

Nitajuaje kuwa amekonda kweli, na si umbo lake tu?

Usitegemee macho, maana manyoya yanaficha mengi. Kuku anaweza kuonekana wa mviringo kabisa kumbe ndani ni mifupa. Mshike akiwa ametulia, mbane taratibu chini ya kwapa lako ili asipige mabawa, kisha pitisha vidole kwenye kidari. Katikati kuna mfupa mrefu unaotoka chini ya gole (kile kifuko cha chakula kilicho kifuani) na kwenda nyuma kuelekea tumboni. Kwa kuku mwenye mwili mzuri, minofu imejaa pande zote mbili na ukingo wa mfupa unagusika kidogo tu. Kwa kuku aliyekonda, mfupa umechomoza, unaweza kuubana kati ya kidole gumba na cha shahada, na pande zake zimebonyea.

Hapo hapo mshike na mwenzake wa umri na aina ile ile. Kuku wa mayai kwa asili hana minofu mingi kama kuku wa nyama, na aina zenyewe hazilingani: tetea wa Leghorn aliyekomaa ana takriban kilo 2, wakati Rhode Island Red hukaribia kilo 3. Ukilinganisha wawili wanaofanana hutababaishwa na umbo.

Kuna haja ya mizani?

Ipo, hasa kwa sababu mikono yetu husahau. Mpime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hajala, kwa sababu gole lililojaa linaongeza makumi ya gramu na kukudanganya. Mweke kwenye ndoo au kikapu, toa uzito wa chombo, andika. Usihangaike na tarakimu ya siku moja. Angalia kama wiki hadi wiki anapanda, amesimama au anashuka. Na usiache kushika kidari, kwa sababu iko hali moja ambayo mizani inasema uongo (tazama swali la tumbo lililojaa, mwishoni).

Nitajuaje kuwa yeye ndiye wa chini kabisa?

Kaa karibu na chakula bila kuwasumbua, na uangalie nani anampisha nani. Kuku wana mpangilio wao wa ubabe, na Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe aliueleza kitaalamu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa kuangalia tu nani anamdonoa nani. Wa juu humdonoa yeyote. Wa chini hudonolewa na wote.

Lakini usingoje kuona damu. Kuku wa chini mzoefu hadonolewi sana, kwa kuwa ameshajifunza kukaa mbali. Utamwona anasogea, anadonoa mara mbili, anainua kichwa kutazama kushoto na kulia, anarudi nyuma hatua tatu, anapangusa mdomo chini, kisha anaanza kuparua sehemu isiyo na kitu. Mwenye haraka anasema kuku huyu hana hamu ya kula. Hamu anayo, anachokosa ni nafasi.

## Kwa nini anakonda

Chakula kipo tele muda wote. Anawezaje kukosa?

Kwa sababu kuku hawali sawasawa siku nzima. Wanakula sana asubuhi wakitoka bandani na tena jioni kabla ya kulala, ili gole lijae na liwatoshe usiku kucha. Ndizo saa ambazo wababe wamejipanga kwenye kilishio. Wa chini anaruhusiwa kula mchana, wakati jua ni kali na kila mtu, pamoja na yeye, hana hamu. Akikosa shibe ya jioni, anaukabili usiku mzima na gole tupu. Yakijirudia kila siku, mwili unajila wenyewe.

Aina ya chakula nayo inachangia. Chakula cha unga kinamchukua kuku muda mrefu kuliko cha punje zilizoshindiliwa, na muda ndicho kitu asichokuwa nacho huyu. Isitoshe, wenzake huchagua vipande vinono na kumwachia vumbi la chini.

Je, amekonda kwa sababu anaonewa, au anaonewa kwa sababu anaumwa?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na wengi huliruka. Kuku mgonjwa hushuka ngazi, kwa maana wenzake huuona udhaifu haraka kuliko sisi. Ukimhesabu kuwa ni mnyonge tu, ukamwongezea chakula, ugonjwa unaendelea kumla.

Jibu unalipata kwa kumtenga siku tatu hadi nne. Mweke nyuma ya waya ndani ya banda lile lile au pembeni yake, awaone wenzake lakini wasimfikie, awe na chakula chake na maji yake. Kila jioni giza likiingia gusa gole: linatakiwa liwe limejaa na bado laini. Kila alfajiri kabla hajala ligusie tena: linatakiwa liwe tupu.

Akila kwa pupa, gole likajaa jioni na kuisha asubuhi, kinyesi kikiwa kizuri, basi shida yake ni wenzake, na sehemu za kulisha na banda hapa chini ndizo zako. Akila vizuri hivyo hivyo lakini wiki mbili zikapita bila uzito kupanda, washuku minyoo, wadudu wa ngozi au ugonjwa wa ndani. Akiwa peke yake na chakula mbele yake bado hali, huyo ni mgonjwa, na anayehitajika ni daktari wa mifugo. Na kama asubuhi gole bado limejaa, liwe gumu au lenye majimaji na harufu ya uchachu, chakula hakipiti. Usimpe nafaka wala majani, na usimning'inize kichwa chini ili atapike kama wengine wanavyoshauri, kwa kuwa majimaji yakiingia kwenye njia ya hewa anaweza kufa mikononi mwako.

Ni wadudu na magonjwa gani ya kuangalia kwanza?

Anza na yale unayoweza kuyaona mwenyewe. Fungua manyoya kuzunguka sehemu ya kutolea haja na chini ya mabawa. Chawa utawaona wanakimbia, na mayai yao yameshikamana kama vifundo vyeupe kwenye mashina ya manyoya. Kuku wa chini huwa nao wengi kuliko wenzake kwa sababu hata shimo la kuogea vumbi anafukuzwa. Mtazame pia usoni kama ana viroboto walioganda kuzunguka macho, na miguuni kama magamba yameinuka.

Minyoo ndio washukiwa wakuu kwa kuku anayekula na hanenepi. Hapa uwe mwangalifu na dawa: piperazine, kwa mfano, inashughulika na minyoo mikubwa ya mviringo lakini haigusi tegu (minyoo bapa). Ukiweza kupeleka kinyesi kikapimwe, peleka kabla ya kununua chochote.

Koksidia (vimelea vidogo vya utumbo) huwaangamiza zaidi vifaranga na kuku wanaokua, ila tetea aliyedhoofika naye anaweza kuugua. Kwa kuku mzee anayekonda polepole kwa miezi, huku upanga wa kichwani ukipauka, yapo pia uvimbe wa ndani na kifua kikuu cha ndege. Hayo hayatibiki kwa chakula.

Namkagua mchana sioni kitu, lakini amepauka. Inawezekanaje?

Utitiri mwekundu hauishi juu ya kuku. Mchana umejificha kwenye nyufa za banda na chini ya fito za kulalia. Usiku unatoka, unanyonya damu, unarudi. Nenda na tochi saa mbili au tatu baada ya giza, au pitisha kitambaa cheupe chini ya fito. Kikitoka na madoa ya damu, umeupata. Kutibu kuku bila kusafisha banda ni kazi bure, na kwa kuwa wakati wa joto utitiri unaweza kukamilisha kizazi kwa takriban wiki moja, usafi wa mara moja hautoshi.

Kinyesi chake kinaniambia nini?

Mengi. Cha kawaida kimeshikana na kina sehemu nyeupe juu. Mara chache kwa siku hutoka kingine cha kahawia, laini na chenye kunata. Hicho ni cha kawaida pia, usiogope. Cha kijani kibichi kwa kuku ambaye hajala majani mara nyingi ni nyongo inayopita kwenye utumbo mtupu, yaani hali chochote. Damu ni sababu ya kutafuta msaada siku hiyo hiyo.

## Kumlisha

Nimpe nini ili arudishe mwili?

Msingi ubaki chakula kamili cha kuku wa mayai, chenye protini kati ya asilimia 16 na 18. Tetea wa wastani anakula kama gramu 100 hadi 130 kwa siku, na lengo la kwanza ni huyu wako azifikishe. Kabla ya kumtafutia vinono, hakikisha anapata kile ambacho wenzake wanapata. Kuku wengi wa chini wananenepa kwa hilo pekee.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kumlisha peke yake mara mbili: alfajiri kabla hujawafungulia wenzake, na jioni kama nusu saa kabla ya kupanda kulala. Lowanisha chakula chake kwa maji ya uvuguvugu hadi kishikane bila kuwa uji. Kilicholowana analijaza gole kwa dakika chache, na anapata maji humo humo. Kinachobaki kitupe, kwa sababu chakula chenye maji kinachacha na kuota ukungu upesi.

Juu ya hapo ongeza kidogo: nusu yai lililochemshwa na kupondwa, au kijiko cha mbegu za alizeti, ambazo zina mafuta mengi na protini pia. Viongezo visizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku, la sivyo atashiba vitamu na kuacha chakula chenye madini na vitamini.

Si mahindi ndiyo yanayonenepesha?

Mahindi yana nguvu lakini protini yake ni karibu asilimia 8 au 9 tu. Kuku aliyekonda amepoteza minofu, na minofu haijengwi kwa wanga. Ukimjaza mahindi unampa mafuta tumboni na kwenye ini huku kidari kikibaki vile vile. Kiganja kidogo jioni hakina neno.

Mahindi yawe mazuri pia. Nafaka yenye ukungu ina hatari ya sumukuvu, ambayo hushambulia ini na yenyewe ni sababu ya kuku kukonda. Nafaka usiyoweza kula wewe kwa sababu ya ukungu, usimpe yeye.

Amebaki mifupa mitupu na hana nguvu. Nianzie wapi?

Joto kwanza. Kuku asiye na mwili hupoteza joto haraka, na asiye na joto hasagi chakula. Mweke kwenye boksi lenye matandazo makavu, mahali patulivu pasipo na upepo, penye joto upande mmoja ili aweze kujisogeza mwenyewe. Kisha maji. Kisha chakula kilicholowana, kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Usimwekee bakuli zima siku ya kwanza, kwani utumbo uliokaa bila kazi haubebi mzigo mkubwa ghafla. Kama baada ya siku moja hajala mwenyewe, mpeleke kwa daktari.

Nimlishe kwa nguvu kwa bomba la sindano?

Ukiwa hujafundishwa, usifanye hivyo. Tundu la njia ya hewa liko wazi nyuma tu ya ulimi, na matone machache yakiingia huko yanatosha kumuua. Unachoweza kufanya ni kudondosha tone moja la maji pembeni ya mdomo na kungoja alimeze.

Vitamini za kwenye maji zinasaidia?

Kwa siku chache baada ya ugonjwa au msukosuko, zinaweza kusaidia. Kwa wiki nyingi mfululizo hazichukui nafasi ya chakula.

Itachukua muda gani?

Kama tatizo lilikuwa ubabe tu, upanga wake unaanza kurudisha rangi na mwendo unachangamka ndani ya wiki mbili hivi. Kidari kinachelewa, hesabu mwezi mmoja hadi miwili. Mayai huja mwisho, kwa kuwa mwili hujitengeneza kwanza. Usimkimbize atage.

## Banda na wenzake

Nimeongeza kilishio cha pili na bado anafukuzwa. Nimekosea wapi?

Pengine umeviweka karibu. Kuku mbabe mmoja anaweza kulinda vilishio viwili akivitazama kwa wakati mmoja. Kimoja kiwe nyuma ya kona, nyuma ya ubao au upande wa pili wa banda, mahali ambapo anayekula hapa haonekani na aliye kule. Vivyo hivyo kwa maji, maana kuku aliyefukuzwa kwenye maji hupunguza na kula. Hakikisha pia kilishio hakiko kwenye pembe inayomnasa anayekula. Kuku wa chini anahitaji njia mbili za kutokea, na akiona iko moja tu, haingii.

Kwenye kilishio kirefu kila kuku apate angalau sentimita 10, na kwenye fito za kulalia sentimita 20 hadi 25. Fito zote ziwe kimo kimoja, la sivyo watagombania ya juu kila jioni.

Nimtoe yeye au nimtoe anayemwonea?

Kama anayeonea ni mmoja, mtoe huyo, tena mtoe asionekane, kwa wiki nzima. Akirudi anajikuta mgeni, na mara nyingi hashiki tena nafasi ile ile. Kumtoa mnyonge kunampumzisha lakini kunamshusha zaidi siku ya kurudi. Mnyonge atoke tu akiwa mgonjwa, akiwa na kidonda, au akiwa amekonda kupita kiasi. Damu kwa kuku wengine ni mwito wa kudonoa, kwa hiyo mwenye kidonda atoke mara moja hadi kipone.

Kama kundi zima linamwandama, swali si la kuku mmoja tena. Angalia msongamano, protini kwenye chakula, utitiri na joto.

Namrudishaje bila vita mpya?

Ndiyo maana ya ule waya tuliouzungumzia kwenye swali la kumtenga: kuku anayeonekana kila siku hasahauliki. Mrudishe akiwa ameshapata nguvu, na kama unaweza, mrudishe pamoja na mwenzake asiye mkorofi. Mwache jioni apande fito na wengine, lakini uwepo alfajiri wanapoamka, kwa sababu giza linaahirisha ugomvi tu. Tawanya chakula sehemu nyingi asubuhi hiyo. Kufukuzana kidogo ni kawaida, wakikumbushana nani ni nani. Ukiona wamemkamata chini na kumdonoa kichwani bila kumwachia, mrudishe nyuma ya waya.

## Hali za pekee

Anaatamia na amekonda. Niingilie?

Kuku anayeatamia hutoka mara moja hivi kwa siku, anakula haraka na kurudi, kwa siku 21. Kupungua ni kawaida. Lakini aliyeanza akiwa ameshakonda asiachwe aendelee. Mvunje uatamiaji kwa kumweka siku chache kwenye kizimba chenye sakafu ya waya bila kiota, kisha mlishe kama tulivyoeleza.

Amepukutisha manyoya na uzito umeshuka.

Unyoya karibu wote ni protini, kwa hiyo msimu huo anajenga vazi zima upya kutoka mwilini mwake. Ongeza protini, na usimshikeshike, manyoya machanga yanauma. Kama wenzake wanadonoa yale mashina mapya yenye damu, rudi kwenye jibu la nani atoke.

Ana jicho moja bovu au mdomo uliopinda.

Huyu hawezi kushindana hata kundi likiwa la wapole. Mwenye mdomo uliopinda mpe chakula kilicholowana kwenye chombo kirefu kwenda chini, achote badala ya kudonoa. Mwenye jicho moja mwekee chakula ukutani, upande wa jicho zima ukielekea wenzake. Watunzwe hivyo maisha yao yote na wataishi vizuri.

Mizani inasema hajapungua, lakini kidari kimechomoza.

Gusa tumbo, kati ya miguu chini ya sehemu ya haja. Kama limejaa kama mfuko wa maji, na anatembea akiwa amesimama wima kupita kawaida, uzito unaousoma ni majimaji au mayai yaliyomwagikia ndani. Minofu inaisha huku tumbo linajaa, ndiyo maana mizani haisemi kitu. Hapa chakula hakisaidii. Daktari anaweza kumpunguzia majimaji kwa muda, na wakati mwingine ushauri wa huruma ni kumaliza mateso yake.

Naweza kula mayai yake wakati wa matibabu?

Inategemea dawa. Kila dawa ya mifugo ina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo, wa mayai na wa nyama, na dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku anayetaga mayai ya kuliwa. Muulize anayekuandikia kabla ya kutoa dozi ya kwanza. Mayai ya siku hizo yatupe, na usimchemshie yeye mwenyewe.